Sarafu za babu zilikaa kwenye kopo miaka yote ziko safi, nimezihamishia kwenye albamu miezi 8 tu zimeota kijani. Tatizo nini?

#1 Mjukuu wa Kigamboni

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya sarafu maana hii kitu imeninyima raha wiki nzima.

Babu mzaa mama alikuwa karani bandarini, alifariki mwaka juzi, na katika vitu vyake mimi nikaachiwa kopo la maziwa ya unga limejaa sarafu kwa sababu ndo mjukuu niliyekuwa namsumbua kila siku kwa maswali, "hizi za lini? huyu nani?" Nimezihesabu, zipo 214. Nyingi ni za Mwalimu zile za kuanzia 1966, senti 5 ya samaki nguru, senti 20 ya mbuni, thumuni ya sungura na shilingi ya mkono umeshika Mwenge, halafu kuna senti za tundu za enzi za Mwingereza kama 30 hivi na rupia moja ya Mjerumani.

Desemba nikaona kopo ni kuzidharau, nikaenda Kariakoo nikanunua albamu ya plastiki yenye vimifuko, laini nzuri, nikakaa usiku mzima nazipanga. Jumapili iliyopita nimefungua kumwonyesha shemeji, senti 5 zote za samaki zina kijani. Siyo vumbi, kinanata, nimegusa na kidole kikabaki na rangi kama mtu aliyechuma mgomba. Za mbuni na zenyewe baadhi zimeanza pembeni. Lakini za Mwenge ziko vilevile zinang'aa.

Sasa nauliza, miaka zaidi ya 40 kwenye kopo la bati hazikupata kitu, miezi 8 kwenye albamu ya hela nyingi ndo zinaharibika? Na je nazisafishaje bila kuzimaliza?

#2 Pwani Damu

Pole mkuu. Jibu liko kwenye jina lako. Kigamboni upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini, chumvi hiyo. Angalia nondo na mabati ya jirani yako yanavyokwisha. Mimi nakaa Kunduchi, pasi ya umeme tu imeota kutu, sembuse senti ya shaba.

#3 Kemia wa Tabata

Hapana, hiyo ni albamu. Plastiki laini ile inayonuka kama pazia jipya la bafuni ni PVC. PVC yenyewe ni ngumu kama bomba la maji, ili iwe laini wanaitia mafuta maalumu, na kwenye joto la Dar yale mafuta yanatoka taratibu na plastiki yenyewe inaachia asidi ya haidrokloriki kidogo kidogo. Asidi ikikutana na shaba unapata kile kijani kinachonata. Kunata ndo dalili kuu. Kijani cha hewa na unyevu kinakuwa kikavu, kigumu, hakinati.

Na ndo maana za samaki zimeanza, zile ni shaba nyeusi ina kopa (shaba nyekundu) nyingi sana. Mbuni ni nikeli-brasi, inafuata. Mwenge ni kopa-nikeli, inachelewa lakini siyo kwamba haipati.

Zitoe humo LEO, hata usisubiri kesho.

#4 Dada Rozi

Kabla ya kulaumu albamu naomba kuuliza, wakati unazipanga usiku huo ulizishika vipi? Ulikuwa umekula? Jasho la vidole lina chumvi na mafuta, Desemba hiyo jasho linatiririka hata ukikaa kimya. Ukishika sarafu usoni kwa kidole gumba alama inabaki, unakuja kuiona baada ya miezi. Sarafu inashikwa kwenye ukingo kama unavyoshika kisosi cha chai ya moto. Je, na uliziosha?

#5 Mjukuu wa Kigamboni

Dada Rozi nimezishika kawaida tu. Na kuosha ndiyo, niliziosha za mbuni kama 20 hivi kwa ndimu na chumvi maana nilisikia inang'arisha. Na kweli zilitoka kama dhahabu. Za samaki sikuziosha nilichoka.

#6 Mzee wa Thumuni

Wanangu, mimi nakusanya tangu 1979 na nina maumivu yangu kuhusu kuosha, kwa hiyo nisikilizeni.

Nilipata senti ya Zanzibar ya 1908, ile ya Sultani Ali bin Hamud yenye mnazi, kutoka kwa bibi mmoja Mtoni. Ilikuwa ya kahawia kama kahawa yenyewe, mnazi unaonekana mpaka makuti. Mimi kijana, najiona najua, nikaichukua nikaisugua kwa majivu na katani mpaka ikang'aa. Yale makuti yakaondoka. Ninayo mpaka leo, mnazi umebaki kama nguzo ya umeme. Alipoiona sonara mmoja wa Kihindi pale mjini aliyekuwa akinunua sarafu akairudisha mkononi mwangu bila kusema neno, akaendelea na kazi yake.

Ile rangi ya kahawia siyo uchafu. Ni ngozi ya sarafu, imejijenga yenyewe miaka 50, inailinda. Ndimu inavua ngozi, ikishavuliwa sarafu iko uchi na inaanza kushambuliwa upya kwa kasi. Ndo hao mbuni wako.

Na kingine, yule siyo nguru. Ni sulisuli. Angalia tanga lake mgongoni na mdomo mrefu. Mtu wa Kigamboni unashindwa kumjua sulisuli?

#7 Mjukuu wa Kigamboni

Shkamoo mzee. Nimeangalia tena, kweli sulisuli 🙏. Lakini basi maelezo yako yanawagusa mbuni, sulisuli hawakuoshwa na ndo wamezidi.

#8 Pwani Damu

Hapo sasa. Kemia anasema albamu, mzee anasema ndimu, Rozi anasema jasho. Chumvi ya bahari bado ipo pale pale.

#9 Fundi Gerezani

Mimi siyo mtu wa sarafu ni fundi wa kuchomelea ila metali nazijua. Mnasahau kitu kimoja, huyu kachanganya metali tofauti kwenye ukurasa mmoja. Shaba ikigusana na chuma au nikeli pakiwa na unyevu wenye chumvi, moja inaila nyingine, kama betri. Je ndani ya albamu kuna mia zile mpya za shaba? Zile siyo shaba, ni chuma kimepakwa brasi, weka sumaku uone inavyong'ang'ania. Chuma kikipata kutu ndani kinachafua jirani zake wote.

#10 Kemia wa Tabata

Fundi una hoja ila lazima zigusane kabisa. Kwenye albamu kila moja iko mfukoni mwake. Kwenye kopo ndo zilikuwa zimelaliana na hazikufanya kitu.

Mjukuu fanya jaribio hili usiku huu tumalize ubishi. Chukua waya wa shaba wa umeme uuchune, ushike na koleo, uuchome kwenye jiko la gesi mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi tena. Bado wa moto uguse kwenye kona ya albamu upate plastiki kidogo, urudishe kwenye moto. Moto ukiwa kijani ujue kuna klorini, yaani PVC. Fungua madirisha usivute ule moshi.

#11 Mama Wawili Mbezi

Nafuatilia kwa karibu. Mimi nakusanya sarafu za miaka waliyozaliwa watu wa nyumbani tu. Mume wangu 1980 ninayo shilingi, mama 1966 ninayo mpaka senti 5. Wanangu ndo shida maana sarafu zenye miaka yao sizioni kwenye chenji. Naziweka kwenye kisanduku cha mbao cha mkangazi alichoniachia baba, sijaona kijani ila za fedha zinakuwa nyeusi. Mbao ina madhara?

#12 Mzee wa Thumuni

Mama, mbao nyingi zinatoa hewa ya asidi, hasa ikiwa mpya au imepigwa vanishi. Ya zamani imekwishapumua. Fedha kuwa nyeusi ni salfa ya hewani, moshi wa magari, hata mpira na vitambaa vya sufu. Haili sana, ila usisugue.

Na hilo la kukusanya kwa miaka ya familia nimelipenda, sijawahi kulifikiria.

#13 Kibubu

Kila mtu na mapenzi yake. Mimi sitaki miaka sitaki sura, nataka wanyama tu. Sulisuli, mbuni, sungura, punda milia wa senti 10 ya 1977 ile yenye kingo za mawimbi, tembo na mtoto kwenye 20, kifaru na mtoto kwenye 50, swala wanne wanakimbia kwenye 100, simba wawili kwenye 200, nyati kwenye 500 ya 2014. Nchi chache sana unaweza kumfundisha mtoto mbuga nzima kwa chenji. Zinazonitesa ni zile za uhifadhi za 1974, twiga wa 25 na kifaru wa 50. Duma wa dhahabu wa 1500 huyo nimekubali nitamwona kwenye picha.

#14 Chenji ya Konda

Kibubu umenikumbusha. Wanaokusanya sura mmeona kwamba Mzee Mwinyi (Mungu amrehemu) alitoka madarakani 1995 lakini hamsini ya 1996 bado ina sura yake? Na 10 ya 1987 wakati yeye ni Rais ina sura ya Mwalimu. Nilikuwa nafikiri sarafu inafuata Rais aliyepo, kumbe hapana. Mkapa mpaka Samia hakuna sarafu ya mzunguko yenye sura zao.

#15 Dada Rozi

Mimi napenda zilizotumika. Sarafu ambayo haijawahi kushikwa hainiambii kitu. Ninayo senti 10 ya tundu ya marehemu bibi, alikuwa anaifunga kwenye ncha ya khanga kila siku akienda sokoni Ilala, fundo moja na meno, halafu anachomeka kiunoni. Ukingo wake umekuwa laini kama kokoto ya mtoni kwa sababu ya kile kitambaa, na ndani ya tundu kuna uzi mwekundu umekaza hautoki. Watu wameniambia niutoe uzi ili nijue ni ya mwaka gani maana umefunika tarakimu. Siutoi.

#16 Mwana Tanga

Nani anajua kwa nini ziliwekwa tundu? Mimi nilisikia ni ili watu wazitunge kwenye kamba maana hawakuwa na mifuko.

#17 Fundi Gerezani

Kupunguza metali. Tundu moja ni dogo, tundu la sarafu milioni ni tani.

#18 Mama Wawili Mbezi

Mama yangu alisema ni kwa ajili ya wasioona vizuri na kwenye giza la koroboi, unajua kwa kidole hii ni senti na siyo thumuni.

#19 Chenji ya Konda

Ni Mwingereza alianzisha baada ya vita ya kwanza, bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki 1919, akaweka tundu ili zitofautiane na za Mjerumani.

#20 Mtoto wa Tabora

Chenji ya Konda nakusahihisha kidogo kaka. Mjerumani mwenyewe alikuwa na tundu. Heller 10 (heller ndo senti yake) ya 1908 ina tundu katikati. Na Mwingereza upande wa Kenya na Uganda alianza 1907 na senti za alumini zenye tundu. Kwa hiyo ilikuwepo kabla ya vita pande zote mbili.

Na kwa wanaopenda tundu, tafuteni senti 5 na 10 za 1936 zenye jina la Edward wa Nane. Yule mfalme alijiuzulu Desemba mwaka uleule hata taji hajavaa, kwao Uingereza sarafu za sura yake hazikuingia mtaani. Huku kwetu, kwa vile sarafu ya tundu haiwezi kubeba sura, iliandikwa jina tu na ikapigwa kwa wingi. Bibi zetu walinunulia chumvi sarafu ya mfalme ambaye wenzao hawakuwahi kuitumia.

#21 Mjukuu wa Kigamboni

Mtoto wa Tabora umenifanya niamke kitandani. NINAYO. 1936, imeandikwa EDWARDVS VIII, senti 10, na chini kuna herufi H. Iko na kijani kidogo kwenye tundu. Nafanya jaribio la waya sasa hivi, narudi.

#22 Mtoto wa Tabora

H ni kiwanda cha Heaton Birmingham. Ukiona KN ni Kings Norton. Hongera sana, itoe kwanza hiyo kabla ya zote.

#23 Bosi Rupia

Wakuu mwenye rupia ya Mjerumani yenye zebaki nanunua kwa bei kubwa. Pia sarafu ya 1978. Njoo inbox.

#24 Mzee wa Thumuni

Tafadhali. Hakuna rupia yenye zebaki. Hizo habari zimefilisi watu, nina rafiki aliuza pikipiki akanunua "rupia 3 za siri" kwa watu waliomleta chumba cha gizani Buguruni, kumbe risasi imepakwa rangi. Kijana kama una rupia yako ipeleke kwa sonara mwenye mizani, rupia halali ya Mjerumani ina gramu 11.66, fedha yake sehemu 917 katika 1000. Mbele ni Kaisari Wilhelm na kofia ya chuma yenye tai. Ikiwa gramu 9 au 10 achana nayo.

#25 Mtoto wa Tabora

Mzee kaongea. Na kama mtu anataka kusifia sarafu ya Mjerumani kuna ya kweli ya kusifia. 1916 wamezingirwa, meli haziingii, wakapiga sarafu kwenye karakana ya reli Tabora, kwetu. Heller 5 na 20 za brasi na shaba, zina herufi T. Na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo mbele ya mlima, dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zilitoka elfu 16 na ushee tu. Septemba mwaka huohuo mji ukachukuliwa na Wabelgiji. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli palepale miaka ya 60 na alikuwa ananionyesha lile jengo, mimi mtoto nachokonoa mchanga kwa kijiti nikidhani nitaokota tembo.

Heller 20 yenye T ninayo, imekwaruzika, kingo hazijakaa sawa, unaona kabisa ni kazi ya watu waliokuwa na haraka. Siiuzi.

#26 Mwana Tanga

Hivi ndo neno HELA limetoka hapo eeh? Heller?

#27 Mtoto wa Tabora

Ndiyo. Heller ilianza 1904, mia zinafanya rupia. Kabla ya hapo walihesabu pesa 64 kwa rupia, na PESA yenyewe ni paisa ya Kihindi. Yaani ukisema "sina pesa sina hela" umetaja sarafu mbili za kale.

#28 Chenji ya Konda

Basi na dala. Daladala imetokana na dala, nauli ilikuwa shilingi 5 miaka ya 80 na shilingi 5 iliitwa dala, ile kubwa yenye pembe kumi. Lakini kwa nini iitwe dala? Konda mzee aliniambia ni kwa sababu dola ya Marekani ilikuwa shilingi 5.

#29 Kemia wa Tabata

Dola mwanzoni mwa miaka ya 70 ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Haikuwa 5.

#30 Mzee wa Thumuni

Waingereza wenyewe mtaani shilingi 5 zao walikuwa wanaita dala. Sisi tulirithi kwa makarani wa kikoloni, kabla hata hatujapata hiyo sarafu.

#31 Pwani Damu

Pwani kulikuwa na riali ya fedha ya Maria Theresa, ile imeandikwa 1780 miaka yote, wazungu wanaiita thaler, na dola yenyewe imetoka kwenye thaler. Wazee Unguja walikuwa na dala kabla ya Mwingereza hajafika.

#32 Kibubu

Turudini kwenye kijani kabla uzi haujapanda basi.

#33 Mjukuu wa Kigamboni

Nimerudi. Jaribio nimefanya mara tatu na mke wangu shahidi. Moto umekuwa KIJANI, kijani cha kung'aa kama taa ya barabarani. Kemia heshima kwako. Sarafu zote nimezitoa usiku huu nimezitandaza kwenye shuka jeupe.

Ila kuna jambo. Sulisuli 4 nilikuwa sijaziingiza kwenye albamu, zilikosa nafasi, nikaziweka kwenye bahasha ya kaki kwenye droo ileile. Mbili kati ya hizo nazo zina kijani, ila hichi ni kikavu, vidoti vidogo, unga wa kijani mpauko.

#34 Pwani Damu

😊 Karibu upande wa chumvi.

#35 Kemia wa Tabata

Hiyo ya bahasha ni kitu kingine na ni kibaya zaidi. Unga wa kijani mpauko wenye vidoti ni kloraidi imeshaingia ndani ya shaba, unatoa leo kesho unarudi kukiwa na unyevu. Nakubali hapo chumvi inahusika, iwe ya bahari au ya vidole, siwezi kusema ni ipi. Tenga hizo mbili mbali na wenzao.

Hizi zinazonata zinatoka na asetoni tupu. Siyo ile ya saluni ya kutolea rangi ya kucha, ile ina mafuta na manukato. Tafuta inayouzwa kwa mafundi wa faiba. Bakuli la kioo, uzilaze dakika kumi hivi, ugeuze, usisugue, uzitoe ziachie zikauke zenyewe kwenye kitambaa cha pamba. Nje kwenye hewa, mbali na jiko. Asetoni haili metali, inayeyusha ile gundi tu. Palipokwisha kuliwa pamekwisha kuliwa, patabaki na alama.

#36 Fundi Gerezani

Za ndimu azisuuze na maji ya betri, yale masafi yasiyo na chumvi, yanayouzwa petroli stesheni. Angalia chupa vizuri isije ikawa asidi ya betri, zinakaa rafu moja.

#37 Mama Wawili Mbezi

Baada ya hapo anaweka wapi jamani? Hilo ndo nataka na mimi.

#38 Mzee wa Thumuni

Zangu za maana ziko kwenye vikadi vya karatasi ngumu vyenye dirisha la plastiki isiyonuka, mwanangu aliye nje aliniletea. Nyingine zote nimetengeneza bahasha ndogo za karatasi nyeupe, naandika nje mwaka na nilipoipata. Zote kwenye boksi lenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye viatu vipya. Masika nafungua mara moja tu, siku ya jua, mchana.

#39 Kibubu

Mimi natumia vikopo vya filamu za kamera za zamani. Havijawahi kuniangusha.

#40 Dada Rozi

Vipakiti vya viatu vinachoka mzee, vikishashiba unyevu havinyonyi tena, inabidi uvikaushe au ubadilishe.

Mjukuu, mbona hujamuuliza bibi babu alikuwa anafanyaje? Kopo la miaka 40 bila kijani siyo bahati.

#41 Mjukuu wa Kigamboni

Dada Rozi umenipa wazo, nimempigia bibi asubuhi hii yuko Kibiti. Anasema kopo lilikuwa na vipande viwili vya mkaa chini vimefungwa kwenye gazeti, na mfuniko babu alikuwa anaumwagia mshumaa pembeni pande zote. Nikakumbuka mimi mwenyewe, siku ya kufungua nilikwangua nta kwa kisu na ule mkaa nikautupa jalalani nikidhani ni takataka zilizoingia.

Nikamuuliza bibi babu alijuaje kwamba mkaa unavuta unyevu. Akasema hajui kama alijua hilo, mshumaa ulikuwa ni kwa ajili ya wajomba zako, walikuwa wanachomoa senti wanaenda kununua ubuyu, nta ikivunjika anajua kuna aliyefungua. Na mkaa bibi anasema ni yeye aliuweka, mama yake alikuwa anaweka mkaa kwenye sanduku la khanga.

#42 Kemia wa Tabata

Mkaa unanyonya unyevu na hewa chafu, na nta imezuia hewa mpya. Imejieleza.

#43 Pwani Damu

Imezuia hewa mpya ya BAHARI. Imejieleza kweli.

#44 Mzee wa Thumuni

Na hakuna aliyezigusa wala kuziosha miaka 40. Hilo nalo mlihesabu.

#45 Mwana Tanga

Wakati mnabishana, kuna mtu huku pwani ana vile vishaba vidogo vya Kilwa vyenye maandishi ya Kiarabu? Jirani anavyo viwili alivipata shambani anataka kuniuzia. Nilisoma kwamba vitano vya aina hiyo viliokotwa na askari mmoja kisiwani kaskazini mwa Australia mwaka 1944, nikashangaa sana.

#46 Mtoto wa Tabora

Usinunue ndugu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na vya Kilwa ni vya karne nyingi kabla ya hapo. Mshauri avipeleke Makumbusho, aseme shamba lipi na kina gani alivikuta. Kikishatoka ardhini bila hiyo habari kinabaki kipande cha shaba tu.

#47 Mwana Tanga

Asante, nitamwambia.

#48 Mjukuu wa Kigamboni

Wakuu asanteni wote. Asetoni nimepata, sulisuli 31 zimetoka safi ila 9 zina vishimo. Edward yuko salama, kijani cha kwenye tundu kimetoka chote, kilikuwa cha kunata.

Nimeamua kufanya hivi. Kuna mbuni 15 zinazofanana ambazo sikuziosha. 5 nimeziweka kwenye bahasha nyeupe ndani ya boksi la kubana na vipakiti. 5 kwenye bahasha tupu droo ileile ya Kigamboni. 5 nimezirudisha kwenye kopo la babu, mkaa mpya, gazeti, mshumaa, na bibi ndo aliyenielekeza kwa simu jinsi ya kumwaga nta isipasuke. Nafungua masika ikiisha.

#49 Kemia wa Tabata

Safi sana. Andika tarehe, piga picha kila moja pande zote mbili, tumia taa moja.

#50 Pwani Damu

Na 5 nyingine nipe mimi nizilete Kunduchi.

#51 Kibubu

Mjukuu, zile sulisuli zenye vishimo kama huzitaki nina punda milia wawili wa 1977 wazima kabisa, tubadilishane. Mimi sina shida na vishimo, samaki bado anaonekana. Jumamosi nitakuwa feri upande wa Magogoni.

#52 Mjukuu wa Kigamboni

Kibubu nakupa tatu, sita nabaki nazo. Jumamosi saa nne, nitavaa kofia ya bluu. Njoo na kitambaa cha pamba, tusishikishane kwa vidole.